Namba Mahali Pake: Anwani za Kumbukumbu, Lugha ya Forth na Usalama wa Mgonjwa

Kila monita inayosimama kando ya kitanda cha mgonjwa, kila pampu ya kuingiza dawa mshipani na kila mashine ya kisasa ya tiba ya mionzi ina kompyuta ndani yake. Muuguzi anapobonyeza vitufe ili kengele ilie pindi kiwango cha oksijeni katika damu kitakaposhuka chini ya asilimia 90, namba hiyo 90 haibaki kwenye kioo peke yake. Huhifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, katika sehemu ndogo yenye namba yake ya utambulisho iitwayo anwani. Tangu wakati huo uhai wa mgonjwa hutegemea mambo mawili: namba iwe sahihi, na iwe mahali pake.

Jambo la kwanza wahudumu wa afya hulifahamu vyema, kwa kuwa hufundishwa kuhakiki kipimo cha dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Jambo la pili hufanyika mahali wasipoweza kupaona. Hata hivyo, historia ya tiba inaonyesha kwamba namba iliyo sahihi, ikiwekwa mahali pasipo pake au ikisomwa wakati usio wake, inaweza kuua. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyoweka data katika anwani maalumu, kwa kutumia mifano ya lugha ya Forth, ambayo haimfichi mwandishi wa programu anwani hizo. Kisha yanaeleza yaliyowapata wagonjwa wa mashine ya Therac-25, na mafunzo yanayomhusu mhudumu na mgonjwa wa leo.

Masanduku ya barua ndani ya kompyuta

Kumbukumbu ya kompyuta inafanana na ukuta wa masanduku ya barua katika ofisi ya posta. Kila sanduku lina namba mlangoni na kitu ndani yake. Namba ya mlangoni ndiyo anwani. Kilichomo ndani ndiyo data. Vitu hivi viwili havipaswi kuchanganywa: sanduku namba 90 linaweza kuwa na 12 ndani yake, na sanduku namba 12 linaweza kuwa na 90.

Katika kompyuta nyingi kila sanduku hubeba baiti moja, yaani biti 8. Baiti moja huweza kuhifadhi namba kuanzia 0 hadi 255, wala si zaidi. Namba kubwa kuliko hiyo huhitaji masanduku mawili yaliyo jirani, au zaidi. Kompyuta ndogo inayotumia anwani za biti 16 ina jumla ya masanduku 65,536, yaliyohesabiwa kuanzia 0 hadi 65,535.

Sanduku halijui kilichomo ndani yake. Baiti yenye 90 inaweza kuwa kiwango cha oksijeni, umri wa bibi kizee au uzito wa mgonjwa kwa kilo. Ikisomwa kama maandishi, namba hiyohiyo ni herufi kubwa Z. Maana ya namba haimo ndani ya namba. Imo katika makubaliano ya mwandishi wa programu kwamba anwani fulani itakuwa na kitu fulani. Makubaliano hayo yakivunjwa, kompyuta haistuki. Itasoma umri kana kwamba ni oksijeni na kuendelea na kazi yake.

Zaidi ya hayo, si kila anwani ni sanduku la kuhifadhia. Watengenezaji wa vifaa huziunganisha baadhi ya anwani na nyaya za mashine. Ukiweka 1 katika anwani ya namna hiyo, mota ya pampu huanza kuzunguka. Ukiweka 0, husimama. Ukisoma anwani nyingine, hupati kitu kilichohifadhiwa jana bali kipimo cha sasa kutoka kwenye kitambuzi kilichobanwa kidoleni mwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo mwandishi wa programu za vifaa tiba hawezi kuiachia kompyuta ichague mahali popote ipendapo. Anwani za mota na kitambuzi zimekwisha kuamuliwa na nyaya, naye hana budi kuzifuata.

Forth, lugha isiyoficha anwani

Lugha ya Forth ilibuniwa na Charles H. Moore wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliitumia katika Taasisi ya Taifa ya Astronomia ya Redio ya nchi hiyo, kuendesha darubini ya redio iliyoko Kitt Peak, Arizona. Jina lake lilikusudiwa kumaanisha lugha ya kizazi cha nne, lakini kompyuta ya IBM 1130 aliyokuwa akiitumia ilikubali majina ya herufi tano tu, ndipo neno FOURTH likapunguzwa herufi moja. Mwaka 1973 Moore na Elizabeth Rather walishiriki kuanzisha kampuni ya kuiendeleza, na mwaka 1994 lugha hiyo ilipata kiwango rasmi cha Marekani.

Sifa yake kubwa ilikuwa udogo. Forth iliweza kuishi ndani ya kompyuta zenye kumbukumbu finyu na kuzungumza moja kwa moja na vyombo vilivyounganishwa nazo. Kutoka kwenye darubini ilihamia viwandani, maabara na hospitali. Katika kituo cha tiba cha Cedars-Sinai huko Los Angeles, kompyuta moja aina ya PDP-11 iliyoendeshwa kwa Forth ilihudumia watumiaji wengi kwa pamoja na kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hata chombo Philae, kilichotua juu ya nyotamkia mnamo Novemba 2014, kilibeba vichakataji vilivyoundwa kwa ajili ya Forth.

Mtu anayetaka kuelewa anwani hunufaika na Forth kwa sababu amri zake ni chache na ziko wazi. Alama ya mshangao humaanisha "weka", na alama ya @ humaanisha "chukua". Herufi C ikitangulia, amri hushughulika na baiti moja tu. Namba hutangulia, anwani hufuata, na amri huja mwisho. Tena Forth hukubali jina lolote lisilo na nafasi katikati, hivyo programu inaweza kuandikwa kwa maneno ya Kiswahili bila kuibadili lugha yenyewe. Tazama mistari hii:

32768 CONSTANT MAPIGO
32769 CONSTANT MPAKA
90 MPAKA C!

Mstari wa kwanza unasema kwamba neno MAPIGO ni jina la anwani 32768, ambamo mapigo ya moyo yatahifadhiwa. Wa pili unaipa anwani inayofuata jina la MPAKA, yaani mpaka wa chini wa oksijeni. Wa tatu unaweka 90 katika anwani hiyo. Atakayetaka kujua kilichomo ataandika MPAKA C@ na kupata 90. Akisahau amri ya mwisho na kuandika MPAKA peke yake, atapata 32769, ambayo ni namba ya mlangoni na si kilichomo ndani.

Pale ambapo anwani yoyote itafaa, Forth huweza kuchagua yenyewe. Neno HERE hutaja nafasi ya kwanza iliyo wazi, ALLOT hutenga nafasi kadhaa kuanzia hapo, CREATE huipa nafasi hiyo jina, na alama ya mkato huweka namba hapo na kusogeza mpaka mbele. Kwa hiyo jedwali la vipimo vinne vya dawa huandikwa hivi:

CREATE DOZI 5 , 10 , 20 , 40 ,

Namba hizo nne hukaa kwa kufuatana kama vitanda wodini. Mwandishi akiomba ya tano, ambayo haipo, Forth haimkatalii. Itahesabu hatua na kumletea chochote kilichoko baada ya 40, kiwe kipande cha jina la mgonjwa au sehemu ya programu yenyewe. Lugha nyingine nyingi hukagua kosa la namna hiyo na kusimama. Forth humwachia mwandishi uhuru wote pamoja na lawama zote.

Mtoto mwenye mapigo 300

Hatari iliyomo ndani ya uhuru huo hudhihirika kwa mfano wa hesabu. Mfano huu ni wa kufundishia. Hauhusu kifaa chochote kilichoko sokoni.

Wahudumu wa wodi za watoto wanajua kwamba mtoto mchanga anaweza kupatwa na tatizo la umeme wa moyo linalofanya mapigo yake yafikie 220 hadi 300 kwa dakika. Tuseme monita imepima mapigo 300, na mwandishi wa programu ametumia amri ya baiti moja kuyahifadhi:

300 MAPIGO C!

Baiti moja haiwezi kubeba zaidi ya 255. Namba 300 ni 256 na 44 zaidi. Sehemu ya 256 hukosa nafasi na kupotea, na kinachobaki ndani ya anwani ni 44. Mtoto ambaye moyo wake unakimbia kupita kiasi ataonekana kwenye kioo kana kwamba moyo wake unakaribia kusimama. Dawa za kuharakisha moyo na za kuutuliza ni tofauti kabisa, na atakayetibu kioo badala ya mtoto anaweza kumdhuru.

Tuseme mwandishi mwingine ameliona kosa hilo na kulirekebisha kwa kutumia amri ya baiti mbili:

300 MAPIGO !

Sasa 300 imehifadhiwa yote. Katika kompyuta ya biti 16 inayotanguliza baiti ndogo, 44 imekaa katika anwani 32768, na 1, inayowakilisha ile 256, imekaa katika anwani 32769. Lakini anwani 32769 ina mwenyewe: ndiyo MPAKA. Ile 90 aliyoiweka muuguzi imefutwa na mahali pake imekaa 1. Kuanzia sasa kengele ya oksijeni haitalia mpaka oksijeni ishuke chini ya asilimia 1. Hakuna taa iliyowaka wala maandishi ya kosa yaliyotokea. Monita inaendelea kuonyesha mawimbi yake, na wodi imetulia.

Mifano hii miwili inaonyesha kwa nini makosa ya anwani ni magumu kuyagundua. Dalili hujitokeza mbali na chanzo. Aliyekosea alikuwa akishughulika na mapigo ya moyo, lakini kilichoharibika ni kengele ya oksijeni. Fundi atakayechunguza sehemu ya oksijeni hataona kasoro yoyote humo, maana kasoro haimo humo.

Therac-25: baiti zilizogharimu maisha

Kilichoelezwa hapo juu kwa mfano kiliwahi kutokea kwa namna nyingine katika vyumba vya tiba. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipata mionzi mingi kupita kiasi kutoka kwenye mashine za aina hiyo, na baadhi yao walifariki kutokana na majeraha yake. Programu ya mashine haikuandikwa kwa Forth bali kwa lugha ya asembli ya PDP-11, ambayo nayo humkabidhi mwandishi anwani za kumbukumbu bila ulinzi. Uchunguzi wa kina wa matukio hayo ulichapishwa mwaka 1993 na Nancy Leveson na Clark Turner, na umebaki kuwa somo la msingi katika usalama wa programu za tiba.

Mashine hiyo ilitibu kwa njia mbili. Katika njia ya elektroni, mwale ulitawanywa kwa sumaku ili usiunguze sehemu moja. Katika njia ya eksirei, mwale wenye nguvu kubwa zaidi uligonga kizuizi cha chuma kilichougeuza kuwa eksirei. Sahani ya kuzunguka ndiyo iliyoleta chombo kinachohitajika mbele ya mwale. Ilikuwa pia na nafasi ya tatu, yenye kioo na taa ya kumpangia mgonjwa mahali pa kulala. Katika nafasi hiyo hapakutakiwa mwale wowote kutoka. Uhai wa mgonjwa ulitegemea nguvu ya mwale kulingana na nafasi ya sahani.

Katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, matukio mawili yalitokea mwaka 1986, moja Machi na jingine Aprili. Mwendesha mashine aliandika kwa makosa herufi ya eksirei, akarudi haraka na kuirekebisha kuwa ya elektroni. Ndani ya programu, njia ya tiba na nguvu yake zilihifadhiwa katika eneo moja la baiti mbili. Sehemu moja ya programu ilisoma baiti ya juu ili kupanga nguvu ya mwale; sehemu nyingine ilisoma baiti ya chini ili kuzungusha sahani. Ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kusoma na kuanza kupanga sumaku, kazi iliyochukua takriban sekunde 8, na haikurudi kutazama kama data imebadilika. Ile ya pili ilisoma data mpya. Matokeo yake sahani ilikaa katika nafasi ya elektroni ilhali mwale ulikuwa na nguvu ya eksirei.

Kioo kilionyesha maneno "Malfunction 54" bila maelezo ya maana kwa mwendeshaji. Mashine ilikuwa na desturi ya kusimama kwa ujumbe wa namna hiyo mara nyingi, na kitufe kimoja kilitosha kuendelea. Mwendeshaji alikibonyeza. Siku ya tukio la kwanza kamera ya chumba ilikuwa haijaunganishwa na kipaza sauti kilikuwa kibovu, hivyo mgonjwa aliyekuwa akijaribu kuinuka kutoka kitandani hakuonekana wala kusikika. Baada ya tukio la pili, mwanafizikia wa kituo hicho pamoja na mwendeshaji walirudia hatua zile mara nyingi mpaka wakafaulu kuuleta ujumbe uleule kwa makusudi, kwa kuandika haraka. Ustahimilivu wao ndio uliofichua siri hiyo.

Tukio la Januari 1987 huko Yakima, jimbo la Washington, lilikuwa na chanzo tofauti, na ndilo linalogusa zaidi somo la baiti. Programu ilikuwa na baiti moja iliyotumika kama bendera. Ikiwa na 0, ilimaanisha kwamba hakuna haja ya kukagua nafasi ya sahani. Ikiwa na namba nyingine yoyote, ukaguzi ulifanyika. Kila mara programu ilipopita katika hatua ya maandalizi, na ilipita mamia ya mara wakati wa kumpanga mgonjwa, iliongeza 1 katika baiti hiyo badala ya kuweka namba isiyobadilika. Kwa maandishi ya Forth kosa hilo lingekuwa hivi:

BENDERA C@ 1+ BENDERA C!

Yaani chukua kilichomo, ongeza 1, kirudishe. Hesabu ilipanda 1, 2, 3 hadi 255. Katika pito la 256 baiti ilifurika na kurudi 0. Kwa muda mfupi mno, mara moja katika kila mapito 256, mashine iliamini kwamba ukaguzi hauhitajiki. Mwendeshaji alibonyeza kitufe katika dakika hiyohiyo ya bahati mbaya, sahani ikiwa bado katika nafasi ya taa, na mwale ukatoka bila kitu cha kuuzuia. Mgonjwa alikuwa ameandikiwa jumla ya radi 86. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalikuwa kati ya radi 8,000 na 10,000. Alifariki mwezi Aprili mwaka huo.

Marekebisho ya kosa lenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuhuzunisha: badala ya kuongeza 1, programu iweke namba moja isiyo 0 kila mara. Kwa Forth ingetosha kuandika 1 BENDERA C! na habari ingekwisha.

Hata hivyo, kulaumu baiti moja ni kukosa nusu ya somo. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa kama lile la Tyler ndani ya programu yake. Haikuumiza watu kwa sababu ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma vilivyosimama peke yake, nje ya programu. Hali isiyo salama ilipotokea, fyuzi ilikatika na mwale haukutoka. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yao ikaachiwa programu. Kosa lilikuwapo zamani; kilichoondoka ni ukuta uliokuwa ukilizuia lisimfikie mgonjwa.

Kinga zilizomo ndani ya programu

Waandishi makini wa programu za vifaa tiba hutumia kinga kadhaa, nazo hazitofautiani sana na taratibu ambazo wauguzi wamezizoea.

Kinga ya kwanza ni kukagua namba kabla ya kuiweka. Badala ya kuruhusu kila sehemu ya programu iandike itakavyo katika anwani ya mpaka wa oksijeni, mwandishi hutengeneza neno moja la Forth lililo mlango pekee wa kuingilia:

: WEKA-MPAKA DUP 70 100 WITHIN IF MPAKA C! ELSE DROP KENGELE THEN ;

Neno hili hukubali namba kuanzia 70 hadi 99. Nyingine yoyote hutupwa, na neno KENGELE, lililoandikwa kwingineko, huita mhudumu. Ni sawa na mfamasia anayekataa kutoa dawa iliyoandikwa mara kumi ya kipimo cha kawaida mpaka daktari aulizwe.

Kinga ya pili ni kuweka nakala mbili. Namba muhimu huhifadhiwa katika anwani mbili zilizo mbalimbali, moja kama ilivyo na nyingine ikiwa kinyume chake, yaani kile kinachobaki ukiitoa katika 255. Kinyume cha 90 ni 165. Kabla ya kuitumia 90, programu hujumlisha nakala zote mbili. Zikileta 255, namba ni salama, na zikileta vinginevyo, kuna aliyeingilia. Katika mfano wa mtoto mwenye mapigo 300, nakala ya kwanza ingekuwa 1 na ya pili 165, jumla 166, na monita ingepiga kelele mara moja. Wauguzi wawili wanaohesabu dozi ya insulini kila mmoja kwa hesabu yake hufanya kazi hiyohiyo.

Kinga ya tatu ni kutumia jina badala ya namba. Aliyeandika 32769 katika kurasa hamsini za programu yake atakosea siku moja. Aliyeandika MPAKA, na kuifafanua anwani mara moja tu mwanzoni, ana mahali pamoja pa kukagua. Wodini pia, dawa inayopelekwa kwa "kitanda namba 7" humfikia asiyehusika siku mgonjwa anapohamishwa, ilhali dawa inayopelekwa kwa jina lililohakikiwa kwenye ukanda wa mkononi humfuata mgonjwa popote alipo.

Kinga ya nne iko nje ya programu: kizuizi cha umeme au cha chuma ambacho hakijui habari ya anwani wala baiti. Somo la Therac-20 ni kwamba kinga hii isiondolewe kwa kuwa tu programu inaonekana kufanya kazi vizuri. Leo kiwango cha kimataifa cha IEC 62304, kilichotolewa mwaka 2006, kinawataka watengenezaji wa programu za vifaa tiba wapime ukubwa wa madhara yanayoweza kutokea na kuweka taratibu za uandishi, majaribio na marekebisho zinazolingana na hatari hiyo.

Yanayomhusu mhudumu na mgonjwa

Mhudumu wa afya hatarajiwi kusoma kumbukumbu ya mashine. Lakini yako mambo ambayo yeye peke yake anaweza kuyafanya, kwa sababu yeye ndiye aliyeko chumbani.

Kwanza, mtazame mgonjwa kabla ya kioo. Kipimo kisicholingana na hali ya mgonjwa kihakikiwe kwa mkono: mapigo yahesabiwe kwa stethoskopu, shinikizo la damu lirudiwe kwa kifaa kingine. Kioo kikisema 44 na kifua cha mtoto kinadunda mithili ya ngoma, kioo ndicho kinachopaswa kuthibitisha ukweli wake.

Pili, ujumbe wa kosa usizoeleke. Ujumbe unaojirudia kila siku hugeuka kuwa sehemu ya kelele za wodi, na kitufe cha kuendelea hugeuka kuwa mazoea ya kidole. Kama maana ya ujumbe haijulikani, mashine isimamishwe mpaka ijulikane. Mwendeshaji wa Tyler hakuwa mzembe; alifanya kile ambacho mashine yenyewe ilimfundisha kufanya kwa miezi mingi.

Tatu, baada ya kubadilisha mpangilio wowote, rudi uusome tena. Aliyeweka mpaka wa oksijeni kuwa 90 afungue ukurasa huo tena na kuona 90. Ukaguzi huu urudiwe wakati wa kupokezana zamu, na baada ya umeme kukatika na kurudi, maana baadhi ya vifaa hurejea kwenye mipangilio ya kiwandani.

Nne, kitu cha ajabu kikitokea, kiandikwe kabla ya kusahaulika: saa, vitufe vilivyobonyezwa na mfuatano wake, maneno yaliyoonekana kwenye kioo na namba ya kifaa. Kifaa kitengwe kama kilivyo na kukabidhiwa fundi wa vifaa tiba. Kukizima na kukiwasha ili kiendelee kutumika kunaweza kufuta ushahidi wote uliomo katika kumbukumbu yake. Taarifa ifike kwa uongozi na kwa mamlaka ya udhibiti. Nchini Tanzania mamlaka hiyo ni TMDA, na nchini Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Tukio moja katika hospitali moja laweza kuonekana kama bahati mbaya. Matukio matatu katika hospitali tatu, yakikusanywa mahali pamoja, huonyesha kasoro ya kifaa. Katika habari ya Therac-25 watumiaji wa mashine waliishi mbali mbali, na baadhi yao waliambiwa kwamba haiwezekani mashine izidishe mionzi, ilhali wengine walikwisha kuumia.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, ushauri ni mfupi. Unapohisi maumivu, joto kali au mshtuko wakati wa tiba ambayo kwa kawaida haiumi, sema papo hapo, kwa sauti. Wagonjwa wa Therac-25 walisema kwamba wameungua, na baadhi yao hawakuaminiwa kwa kuwa kioo kilionyesha kipimo kidogo. Uliza pia ni kwa njia gani wahudumu watakuona na kukusikia ukiwa peke yako katika chumba cha mionzi. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni sehemu ya matibabu yako.

Vifaa hivi vimeokoa na vinaendelea kuokoa maisha ya watu wengi mno, na hofu dhidi yake haina faida. Kinachohitajika ni kukumbuka kwamba nyuma ya kila tarakimu inayong'aa kwenye kioo kuna sanduku dogo lenye namba mlangoni, na kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliamua nini kikae humo. Mwandishi wa programu hulilinda sanduku hilo asubuhi anapoandika. Muuguzi hulilinda usiku anapokagua, na mgonjwa hulilinda anaposema kwamba kuna kitu hakiko sawa.